Kurasa Kumi na Sita Zilizoshikana

4 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi chako kimekuachia nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, anashona mapazia ya watu kama kawaida, na anakusalimu sana. Paka wetu amezaa watoto wanne juu ya kitambaa cha mteja, kwa hiyo pazia moja litachelewa.

Nina habari. Jumatatu iliyopita, saa mbili na dakika kumi asubuhi (nimeandika kwenye shajara yangu, ndiyo maana nakumbuka hivyo), matroni aliniita ofisini akaniambia kwamba kuanzia mwezi huu mimi ndiye msimamizi wa kitengo cha kufulia hapa hospitalini. Nimepewa miezi sita ya majaribio. Ikiisha ataamua kama nabaki au narudi kwenye meza ya kukunja mashuka.

Nina watu tisa, na wanane kati yao wamenizidi umri. Mmoja tunamwita Mama Povu. Yuko kwenye mashine za kufulia tangu mimi niko darasa la kwanza. Mwingine, wa mashine za kukaushia, tunamwita Redio, na huyo hana kitufe cha kuzima.

Mjomba, mimi najua kukunja shuka likakaa pembe kwa pembe. Kuongoza watu sijui. Jana nilimwambia Redio apunguze maneno. Akasema, "Sawa, bosi," wote wakacheka, na mpaka naandika hapa sijaelewa kichekesho kilikuwa wapi.

Wewe ulikuwa msimamizi kwenye kiwanda cha vitabu, na ukoo mzima unasema nyumba yako ina vitabu kuliko viti. Niambie nisome nini. Nitasoma kwa utaratibu, kurasa kumi kila siku kabla ya kazi.

Mpwa wako


19 Januari

Mpwa wangu,

Marahaba. Kikohozi kipo, tumezoeana. Nimefurahi kusikia dada yangu ni mzima. Nakushukuru kwa salamu zake, nami namrudishia zangu, kama ataziona zinafaa. Hapa nilipo ni kazi ileile ya mikono: shule mbili zimeniletea vitabu vya maktaba vilivyochanika migongo, na chumba changu kinanuka gundi kuliko chakula.

Hongera. Na pole, maana vyote viwili vinakustahili.

Umeniuliza usome nini. Tangu nilipoacha usimamizi nimesoma vitabu arobaini na kimoja kuhusu kuongoza watu, na katika muda wote huo sijaongoza hata kuku. Kwa hiyo nazungumza kama mtaalamu. Ndani ya kifurushi hiki utakuta vitatu. Usivisome ovyo ovyo, fuata mpangilio huu.

Anza na chenye jalada la buluu. Hicho ni cha kujijua na kuzitambua hisia zako na za wenzako. Mwandishi wake anarudia maneno kama mlevi, lakini ana jambo moja la dhahabu: hasira hufika shingoni kabla haijafika mdomoni. Ukijifunza kuisikia ikiwa bado shingoni, utajiokoa na mengi.

Ukimaliza, chukua kile chembamba chekundu. Hicho ni cha kukua kidogo kidogo. Kina kurasa tisini tu, lakini ukila zote kwa siku moja utavimbiwa. Ukurasa mmoja kila siku, kisha andika kwenye hiyo shajara yako.

Mwisho fungua cha kijani, kile kinene. Hicho ndicho cha uongozi wenyewe. Usikifungue kabla ya hivyo viwili. Mtu asiyejijua akikabidhiwa watu ni kama mtoto aliyekabidhiwa mkasi.

Jambo moja usilolijua kuhusu vitabu vyangu: nimevishona mwenyewe kwa karatasi zilizobaki kiwandani, na kingo sikuzipitisha kwenye mashine. Karatasi moja kubwa hukunjwa ikatoa fungu la kurasa kumi na sita, na kurasa hizo zinabaki zimeshikana. Mimi huzikata kwa kisu ninavyosoma. Ukiona ukurasa umefunguka, jua nimepita hapo.

Mjomba wako, fundi wa majalada


2 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Watoto wa paka wameanza kupanda mapazia na mmoja ameshahamia kwa jirani kwa hiari yake. Mama anakusalimu sana, anasema ujitunze.

Cha buluu nimekimaliza tarehe 31 Januari. Chekundu naenda nacho ukurasa kwa ukurasa. Naomba radhi kwa kuvunja mpangilio wako: cha kijani nimekianza mapema, kwa sababu watu wangu hawakunisubiri nijijue kwanza.

Cha buluu kilisema kiongozi aanze siku kwa kuwauliza watu wake wanajisikiaje. Nikatengeneza karatasi yenye majina na safu tano, moja mpaka tano, nikawa napita kila asubuhi na kalamu. Siku ya kwanza Redio akajibu, "Leo najisikia tatu na nusu, lakini mchana naweza kupanda." Mama Povu aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Andika: najisikia kazi." Sikujua niweke safu ipi. Siku ya nne niliwakuta wamejijazia wenyewe, wote tano, hata yule aliyekuwa likizo.

Kuna jambo lingine, dogo. Kila asubuhi natundika kadi juu ya kila mashine. Kadi nyekundu ina maana tia dawa ya kung'arisha, ni kwa mashuka meupe. Kadi ya kijani ina maana usitie, ni kwa nguo za rangi. Tarehe 24 Februari Mama Povu alitia dawa kwenye mashine namba tatu iliyokuwa na majoho ya chumba cha upasuaji. Majoho arobaini ya kijani yakatoka na mabaka kama chui mgonjwa. Matroni akashuka mwenyewe. Mama Povu akasema, "Nimefuata kadi." Mimi nikasema, mbele ya matroni na mbele ya wote, "Kadi haikosei. Mtu wa miaka ishirini kwenye kazi moja hatakiwi kukosea jambo la mtoto."

Matroni amemhamishia chumba cha kuchambua nguo chafu, kule hata nzi huingia kwa kusitasita. Barua ya onyo itaandikwa, na mimi kama msimamizi natakiwa kuitia sahihi kufikia tarehe 30 Aprili. Basi, ndiyo hivyo. Watu sasa wanafanya kazi kimya. Hata Redio.

Swali dogo: katika kitabu cha kijani, sura ya kumi na moja, ambayo ndiyo fungu la kumi na moja, bado imeshikana, kurasa zote kumi na sita. Umezikata zote kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi, na ya kumi na mbili mpaka mwisho. Kwa juu kidogo nimeweza kuchungulia kichwa chake: "Kosa Likiwa la Kiongozi." Nizikate?

Mpwa wako


20 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Naandika kwa haraka, mkono umejaa gundi.

Kuhusu hayo majoho, ulichosema umeshasema. Kiongozi akianza kurudi nyuma mbele ya watu hawamfuati tena. Simama hapo ulipo. Kimya kitapita, watu husahau.

Kuhusu sura ya kumi na moja: kisu kilikuwa butu. Iruke, nenda ya kumi na mbili. Ina mambo mazuri kuhusu kupanga zamu.

Msalimie dada yangu.

Mjomba wako


11 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakusalimu.

Nimesoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza ilinipa nguvu. Mara ya pili nikakumbuka kwamba visu vyako havijawahi kuwa butu. Nilipokuwa mdogo ulikuja kututembelea ukanoa kila kitu chenye makali ndani ya nyumba, hata mkasi wa kukatia kucha. Mara ya tatu nikachukua kisu cha jikoni nikazikata zile kurasa kumi na sita. Sikuzikata vizuri. Uzi wa katikati umekatika na fungu zima limeachia.

Kumbe ni sura nyepesi, na inasema jambo moja tu: radhi iombwe palepale kosa lilipotokea, mbele ya walewale walioliona, bila neno "lakini".

Sasa nikuambie lile ambalo sikukuambia Machi.

Siku ya tatu baada ya majoho kuharibika nilikuwa napitia shajara. Tarehe 24 Februari nimeandika hivi, kwa mkono wangu: "Saa 12:40 asubuhi, nimetundika kadi. Mkono mmoja. Kitabu cha kijani, ukurasa wa 88." Na chini yake, jioni: "Mashuka ya mashine ya nne yametoka na madoa yaleyale, kama hayakuwekewa dawa." Nilikaa na sentensi hizo mbili mpaka chai ikapoa. Mashine ya tatu iliyokuwa na majoho ilipata dawa. Ya nne iliyokuwa na mashuka haikupata. Kadi zilibadilishana mahali, Mjomba, na mikono iliyozitundika ni yangu. Au niseme mkono, maana ule mwingine ulikuwa umeshika kitabu. Ukurasa wa 88 ni katika sura ya umakini kazini. Usicheke.

Mama Povu alifuata kadi kama alivyosema. Nimelijua hilo kwa wiki sita. Kila siku nampita akiwa na glavu mpaka kwenye viwiko, ananisalimia "Habari za asubuhi, msimamizi," na mimi naitikia "Nzuri." Barua ya onyo iko mezani kwangu, imebaki sahihi.

Nikisema, nadhani matroni atanirudisha kwenye meza ya kukunja. Nisiposema, yule mama atastaafu na onyo kwenye faili lake kwa kosa ambalo si lake. Najua ninalotakiwa kufanya, sura imesema. Ninachokuuliza ni kingine: wewe ungefanya? Si vitabu vyako. Wewe.

Nijibu kabla ya tarehe 22, siku niliyojiwekea kuamua.

Mpwa wako


5 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hukunijibu. Posta inaweza kuchelewa, kwa hiyo nimeamua kuilaumu posta.

Tarehe 22 Aprili, saa moja asubuhi, niliwakusanya wote mbele ya mashine namba tatu. Nilimwomba matroni ashuke, na nilimwita Mama Povu kutoka kule chumba cha nguo chafu. Nilikuwa nimeandika hotuba ya ukurasa mmoja na nusu. Nilipofungua mdomo ikapotea yote, nikasema tu, "Kadi nilizibadilisha mimi. Mama Povu alifuata kadi. Nilimsema vibaya mbele yenu, nami naomba radhi mbele yenu."

Mashine moja ilikuwa inazunguka. Sijawahi kusikia mashine ikizunguka kwa sauti kiasi kile.

Mama Povu akavua glavu moja. "Kwa hiyo kadi ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasoma."

"Unasoma huku unatundika kadi?"

"Ndiyo."

"Unasoma nini?"

Nikatamani sakafu inimeze. "Kitabu cha uongozi. Sura ya umakini kazini."

Redio alijizuia. Nashuhudia, alijitahidi. Akageukia ukutani, mabega yakaanza kutikisika, kisha akapasuka, na wote wakapasuka naye. Hata matroni aliangalia viatu vyake muda mrefu kuliko viatu vinavyohitaji. Mama Povu pekee ndiye hakucheka.

"Ulinisema mbele ya watu, umeniomba radhi mbele ya watu," akasema. "Hapo hatudaiani. Lakini wiki nane nimechambua nguo chafu, na hizo wiki radhi haizifui."

"Nitachambua mimi wiki nane," nikasema.

"Nguo za wodi zote?"

"Zote."

Akanipa glavu. Zilikuwa bado na joto la mikono yake.

Barua ya onyo matroni aliichana palepale. Kisha akaniambia muda wangu wa majaribio unaanza upya, miezi sita kamili, kana kwamba hii ya mwanzo sikuwahi kufanya kazi. Niliposhukuru akasema, "Usinishukuru. Kama ningegundua mwenyewe ungekuwa unakunja mashuka sasa hivi." Naandika nikiwa katika wiki ya pili ya kuchambua. Asubuhi naongoza kitengo, mchana nachambua. Harufu nimeizoea, ila paka bado.

Sasa jambo la pili. Nimeshaanza kusema kweli, na naona ugonjwa huu una tabia ya kuenea.

Mama hajawahi kukutumia salamu. Hata moja. Zile "anakusalimu sana" na "anasema ujitunze" nimezitunga mimi, kwa sababu barua bila salamu ya mama niliiona kama nyumba bila mlango. Barua yako ikifika anaiweka juu ya kitanda changu, anaipiga pasi kwa kiganja, anatoka. Haulizi umesema nini.

Lakini wiki iliyopita alikiona kitabu cha kijani mezani, kurasa zimeachia. Akauliza, "Nani amekata hivi? Panya?" Nikasema ni mimi. Alikaa chini. Akakigeuza mgongo, akapitisha kidole kwenye mafungu, akaishia kwenye lile lililoachia. "La kumi na moja," akasema. Nikamuuliza amejuaje bila kusoma. "Kitabu hiki nilikishona mara mia nne."

Akaenda chumbani akarudi na kile kiberiti chake cha zamani. Unakikumbuka? Mimi nakikumbuka tangu nina miaka saba. Kuna siku alirudi nyumbani adhuhuri badala ya jioni, ameshika kiberiti, na ndani yake mlikuwa na sindano moja iliyopinda. Hakwenda tena kazini. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Sasa akaitoa sindano ileile, akalishona lile fungu mbele yangu, mishono saba, bila kupima. Nikamuuliza, "Mama, ilikuwaje ukaacha kiwanda?"

Akakata uzi kwa meno. "Muulize aliyepanga meza."

Sijui ni meza gani, Mjomba. Nakuuliza.

Mpwa wako


28 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba.

Posta haina kosa. Barua yako ya Aprili ilifika siku ya sita. Niliiweka chini ya gundi ili nisiione, na gundi ikaisha.

Kiwandani, mafungu ya kitabu hupangwa juu ya meza ndefu, la kwanza kushoto, la mwisho kulia. Washonaji hupita wakichukua moja moja kwa mpangilio wanaoukuta, kisha wanakwenda kushona. Hawasomi, hawana muda. Meza hupangwa kila asubuhi na msimamizi. Miaka kumi na tisa iliyopita msimamizi huyo alikuwa mimi, na nilikuwa na wiki tatu tu kwenye cheo. Mama yako alikuwa mshonaji wangu mwepesi kuliko wote. Kitabu kilikuwa hicho cha kijani.

Vitabu mia nne vilishonwa vikiwa na fungu la kumi na moja mbele ya la kumi. Mwenye kiwanda akaja juu. Watu walikuwa wananong'ona kwamba nampendelea dada yangu, na mimi nilitaka sana waone kwamba simpendelei. Mama yako akasema, "Kaka, nimechukua kama meza ilivyokuwa." Nikamjibu mbele ya wote, "Hapa kazini hakuna kaka." Nikamwambia achukue vitu vyake aende. Kitu chake kilikuwa sindano.

Jioni nilibaki kufunga, nikaitazama meza. Mafungu yalikuwa vilevile nilivyoyapanga kwa mikono yangu. La kumi na moja, kisha la kumi.

Umeniuliza kama mimi ningefanya. Jibu unalo sasa: sikufanya. Nilikusanya vitabu. Kila kimoja nilikifungua nikitumaini kitaniambia kwamba nilikuwa sahihi, na kila kilipokaribia kuniambia kinyume nilikuwa na kisu butu.

Barua yako ya tarehe 5 ilinitoa kitini. Sura yako inataka radhi iombwe mbele ya walioona. Kiwanda kilifungwa zamani na watu walitawanyika, lakini yule mtu wetu wa kupaka gundi nilijua anakoishi. Nilisafiri siku nzima kwenda kwake. Nilimkuta amezeeka, anabembeleza mjukuu. Nikamwambia yote, nimesimama. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kaa basi. Sisi tulijua siku ileile. Nani mwingine alikuwa anapanga meza? Tulikuwa tunangoja useme." Nikauliza, mlingoja mpaka lini? Akasema, "Mpaka tulipochoka."

Mimi miaka kumi na tisa, mpwa wangu. Wewe wiki nane. Kama kukua kuna kipimo, nadhani ni hicho, na hukukipata katika kile chembamba chekundu.

Kuhusu salamu, nilijua. Tangu barua ya kwanza. Dada yangu hajawahi kusema "anakusalimu sana" maishani mwake, hiyo ni lugha ya kadi za harusi. Akimjali mtu anauliza kama amekula. Lakini sikukusahihisha, kwa sababu hata salamu za kutunga zilikuwa zinanipasha moto kidogo. Nisamehe na kwa hilo.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, imefungwa, ni ya mama yako. Nimeiandika mara sita. Tano za mwanzo zilikuwa na neno "lakini". Ya sita haina. Kama atakataa kuipokea, usimlazimishe. Iweke tu mahali pasipo na watoto wa paka.

Mjomba wako, aliyepanga meza


21 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Wiki zangu nane zimeisha tarehe 17. Siku ya mwisho Mama Povu alikuja mlangoni, akanusa, akasema, "Sasa wewe ni mtu wa hapa." Tumebadilisha utaratibu wa kadi: mimi natundika, yeye anaisoma kwa sauti, mashine kwa mashine, mimi naitikia. Inachukua dakika nne. Redio anadai ni kama misa. Ile karatasi ya safu tano nimeitumia kufutia kalamu, na sasa nauliza kwa mdomo tu, kisha nakaa kimya mpaka mtu amalize kujibu. Kumbe kazi ilikuwa huko kwenye kukaa kimya. Juzi Mama Povu aliniambia goti linamuuma tangu mwaka jana. Nimemtafutia kiti.

Bahasha yako nilimpa mama Jumamosi. Aliigeuza upande huu na upande ule, akaangalia ulivyoigundisha, akasema, "Bado anatia gundi nyingi mno." Akaingia nayo chumbani na kufunga mlango. Nilisikia cherehani haifanyi kazi. Kisha nikaisikia inafanya kazi. Kisha haifanyi.

Alipotoka alikuwa ameshika kitabu cha kijani. Akaniambia nikurudishie. Nimekifunga pamoja na barua hii. Utaona fungu la kumi na moja limekaa imara kuliko mengine yote, kwa hiyo safari hii huna kisingizio. Lisome.

Sikumuuliza kama amekusamehe, na yeye hakusema. Maji yaliyomwagika ni ya miaka kumi na tisa, na mimi sitaki kudanganya tena kwa niaba yake. Nakuandikia kilichotokea tu. Alikaa, akachukua pazia, akatunga uzi. Bila kuinua kichwa akasema, "Huko aliko anakula nini?"

Nikasema sijui.

"Sasa mnaandikiana miezi yote hiyo mambo gani?" akasema. "Muulize."

Nakuuliza, Mjomba. Na hii sikuitunga.

Mpwa wako